Bomba Lisiachwe Likauke

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema haraka, nina glavu mkononi.

KASUKU (kwa sauti nzito, akikohoa kizee): Ni Profesa wako. Namba unayoiona ni ya dereva. Njoo ofisini.

DADA: Shikamoo, Profesa. Sasa hivi? Mchujo wangu uko—

KASUKU: Sasa hivi, binti.

DADA: Dawa iko katikati ya bomba la kioo, inashuka ikichujwa. Nisipoongeza kiyeyushi litakauka. Si wewe mwenyewe ulisema, anayeacha bomba likauke achukue mkoba wake, asirudi tena maabara?

KASUKU: Sheria nimeitunga mimi, na mimi ndiye ninayeitengua. Au imenizidi umri?

DADA: Hapana, Profesa. Ila dawa hii ndiyo yote niliyo nayo. Mwaka mzima naitengeneza, kesho inajaribiwa kwenye vimelea vya malaria, na—

KASUKU: Binti, nimeanza kukusahau jina.

DADA: Nakuja! Nakimbia, Profesa, usikate! (milango, viatu)

KASUKU: Sikati. Pumua kwa adabu, hapo ni chuo kikuu.

DADA: Nimefika... mlango umefungwa.

KASUKU: Gonga.

DADA: (ngo, ngo)

KASUKU: Kwa heshima zaidi. Kama mtu mwenye digrii.

DADA: (ngo, ngo, ngo) Profesa, mbona kama hakuna mtu ndani?

KASUKU: Nani anagonga?

DADA: Ni mimi, mwanafunzi wako.

KASUKU: Mimi yupi? Yule anayelala na taa kwa kuogopa panzi?

DADA: ...Kasuku?

KASUKU (kwa sauti yake): Bweni zima linakusalimu, dada! (vicheko, makofi) Tumeazima simu ya matroni! Sauti ya mzee si ulinifundisha mwenyewe likizo, ulivyokuwa ukimwigiza mezani nyumbani—

DADA: Mungu wangu, bomba. (viatu)

KASUKU: Usinune, bwana! Huku watu wanagaragara chini!

DADA: Nyamaza. Nyamaza, nyamaza—

KASUKU: Haloo? (mikwaruzo) Mtandao huu nao! Dada?

DADA: Limekauka.

KASUKU: Ongeza maji basi.

DADA: Si bustani hii, Kasuku. Unga wa kuchujia ulio ndani umepasuka toka juu hadi chini. Dawa imegandia humo pamoja na uchafu wake.

KASUKU: Yote?

DADA: Yote.

KASUKU: (kwa wenzake) Hebu nyamazeni nyie! ...Si utatengeneza nyingine?

DADA: Nitatengenezea wapi? Nikishafukuzwa hapa, nita— Subiri. Mlango. (mlango unafunguliwa) Shikamoo, Profesa.

PROFESA (kwa mbali): Bomba hili kaliacha nani?

DADA: Mimi, lakini nilipigiwa simu, Profesa. Niliitwa ofisini kwako, kwa sauti yako. Ni mdogo wangu, alikuwa anatania. Yuko hewani, atakueleza mwenyewe. Kasuku, mwambie. Tafadhali, mdogo wangu. Neno moja tu.

PROFESA: Lete hiyo simu. Haloo? Ni nani?

KASUKU: (ananong'onezana na wenzake)

PROFESA: Nauliza, ni nani?

KASUKU (kwa sauti ya bibi kizee): Umekosea namba, mwanangu.

(Simu inakatwa.)