Ile Mechi Inaonekana Finland Tu

ONEN: Haloo? Ni nani?

OCAYA: Ni nani, ni nani! Ni afande wako. Simama wima.

ONEN: Baba? Hii namba ya Kongo ni ya nani?

OCAYA: Yangu. Leo hapa Bwera mpakani laini ya Kongo inashika kuliko ya kwetu. Habari ya Finland?

ONEN: Nzuri tu. Habari ya huko?

OCAYA: Tuko. Umekula?

ONEN: Nimekula. Wewe je?

OCAYA: Nitakula. Tangu mama yako atuache, kupikia mutu moja inanishinda. Napika muhogo, inabaki, nakula kesho yake. Sema, mechi ya Jumamosi ilikuwaje?

ONEN: Si nilikutumia ujumbe? Tulishinda mbili bila. Nilicheza dakika zote.

OCAYA: Zote.

ONEN: Zote, Baba. Lile goli la pili, pasi ilikuwa yangu—

OCAYA: Onen, ngoja—

ONEN: —mpaka kocha akanipiga mgongoni, akasema—

OCAYA: Ngoja, nimesema! Niko ndani ya ghala, nimefunga mulango. Hakuna mutu, ni mimi na magunia ya kahawa tu. Niko na neno.

ONEN: Neno gani? Sylivia anaumwa?

OCAYA: Dada yako iko mzima. Ndiye analeta shida. Kesho anatoka Kasese na kwaya yote ya kanisa, gari imejaa. Wanakuja kuangalia mechi yako. Sowedi wa kibanda cha mpira ataweka kwa skrini kubwa, bila kiingilio. Ameandika kwa ubao na chaki: Onen wetu, saa kumi. Haloo? Uko?

ONEN: Niko. Lakini haiwezekani, Baba. Hii ligi yetu ni ndogo, inaonekana hapa Finland tu. Mtu wa nje akifungua, inamkatalia. Nilikuambia.

OCAYA: Uliniambia. Na VPN je?

ONEN: VPN...

OCAYA: Ulisahau unatoka wapi? Serikali ilipofunga Facebook hapa, nani hakuweka VPN? Hata Bulandina anayeuza samaki ya kutoka Kahendero iko nayo. Unafungua, unachagua inchi, unabonyeza, basi simu inaamini iko huko. Sowedi alinifundisha. Nikachagua Finland.

ONEN: Lini?

OCAYA: Ligi ilipoanza.

ONEN: Baba! Ligi ilianza—

OCAYA: Mechi tano.

[mtandao unakwaruza]

ONEN: Umeangalia zote tano?

OCAYA: Mwanzo mpaka mwisho. Ile lugha yao sisikii hata neno. Lakini jina yako ningesikia.

ONEN: Baba, mimi... Ni goti. Liliumia mwezi wa pili, wakasema—

OCAYA: Sikuuliza.

ONEN: —wakasema tungoje, halafu wakampa mwingine jezi yangu. Mimi sikutaka wewe—

OCAYA: Sikuuliza, Onen! Sikia kwanza. Ile mechi ya kwanza nilihesabu wote kumi na moja, nikahesabu na wa benchi. Nikasema labda mutoto iko choo. [anacheka kidogo, anaacha] Ya pili, mpira ikatoka pale kwa kona, kamera ikaifuata. Kulikuwa na kijana, koti ya manjano, ameshika koleo, anasukuma theluji nje ya mstari.

ONEN: Mungu wangu.

OCAYA: Nilikujua kabla hujageuka. Ule mkono kwa kiuno ni wa mama yako kabisa.

ONEN: Naona aibu, Baba.

OCAYA: Aibu ya nini? Mimi niliingia jeshi nikifikiri nitapewa bunduki. Walinipa sufuria, miaka mbili napika posho, ugali ya askari. Koleo yako haikunikasirisha. Kilichonikasirisha ni kukaa na hii siri peke yangu. Mwezi mzima! Kanisani wananiuliza, Onen alicheza? Nasema alicheza. Wanapiga makofi. Narudi hapa, sina mutu wa kumwambia.

ONEN: Na mimi sina. Nikitoka kazini nafunga chumba, sisemi na mtu mpaka asubuhi. Nikianza kukuandikia mechi... naona kama nilicheza kweli.

OCAYA: Unaandika vizuri. Ile goli ya kichwa, dakika ya tisini? Niliisoma mara mbili. Na nilijua ni uongo.

ONEN: Nisamehe.

OCAYA: Nilishasamehe. Sasa ni kesho. Skrini ya Sowedi inachukua picha kwa simu yangu, na VPN ya kulipia iko kwangu tu, zile za bure zinakatakata. Kwa hiyo chagua. Naweza kusimama mbele ya kwaya niseme ukweli. Ama naifuta VPN yote, nasema simu imeharibika.

ONEN: Si utairudisha baadaye?

OCAYA: Kwa Sowedi? Yule kila siku atashika simu yangu, eti aone kama imepona, na akikuta VPN atajua nilidanganya. Nikifuta, nimefuta.

ONEN: Basi ifute, Baba. Tafadhali. Wasinione na koleo.

OCAYA: Sawa. Sawa, nitaifuta.

ONEN: Baba?

OCAYA: Mm.

ONEN: Sauti yako imekuwaje?

OCAYA: Ni vumbi ya kahawa.

ONEN: Baba.

OCAYA: Hakuna kitu, bwana. Ni vile... kila Jumamosi nilikuwa nakuona. Kidogo tu. Mara mbili, mara tatu, ukipita. Naweka sahani hapa, simu pale. Ukitokea, naacha kutafuna nakuangalia. Siku zingine chakula haipiti vizuri.

ONEN: Usiifute.

OCAYA: Na kwaya?

ONEN: Nampigia Sylivia sasa hivi, namwambia mwenyewe. Kuja wakitaka, waje.

OCAYA: Atalia, yule.

ONEN: Alie. Na Sowedi afute ile chaki.

OCAYA: Asifute. Wewe ni Onen wetu hata na koleo. Waje waone... [mtandao unakwaruza] ...unasikia?

ONEN: Rudia, Baba, umekatika.

OCAYA: Nasema utasimama wapi?

ONEN: Kesho nitakuwa kona ya kushoto, chini ya saa kubwa. Kipindi cha kwanza chote. Kamera inapita pale sana.

OCAYA: Utainua mkono?

ONEN: Hawaruhusu.

OCAYA: Basi usiinue, wasikufukuze. Mimi nitajua ni wewe.

ONEN: Baba, mechi ikiisha nikupigie? Siyo kuandika. Nikupigie.

OCAYA: Piga. Hata usiku piga, mimi ni askari wa ghala, nalala wapi? Ai! Simu inalia, MB inaisha. Hii VPN inakula kama panya.

ONEN: Haya, kata, nitakupigia mimi—

OCAYA: Ngoja, ngoja! Kitu moja. Nilitaka kukuambia toka ile siku, na singeweza, ungejua nimekuona. Onen, nunua glavu. Nilikuona unapuliza vidole, nikanyoosha mkono, nikagusa kioo cha simu, na we—

[simu inakatika]

ONEN: Baba? Haloo? Baba?