Maisha ya Kunigunda, Aliyerudishwa Mara Tatu

Baba Paroko, wazee wa pande zote mbili, ndugu waombolezaji, tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Devotha, mtoto wa kwanza wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya mama, na kwa kuwa baba yangu Cleopa na ndugu zake wamekuja na gari kutoka Mbaha, wakiomba mwili ukazikwe kando ya ziwa kama ilivyo desturi kwa mke wa ndoa, naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Marehemu Kunigunda Bernadi Ndunguru alizaliwa hapa Mapera tarehe 14 Agosti 1976, mtoto wa nne wa Mzee Bernadi na marehemu Tadea, akasoma shule ya msingi hapahapa tangu 1985 hadi 1991, kisha akalima ngoro, mashamba yetu ya mashimo mteremkoni, na kuchuma kahawa pamoja na wazazi wake, kazi aliyoipenda kiasi kwamba hata akiwa kitandani alituuliza kama mibuni imepogolewa.

Tarehe 10 Oktoba 1998 alifunga ndoa na Cleopa, mwenye mitumbwi na biashara ya usipa, dagaa wa ziwani, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1999, Dunstan mwaka 2002 na Glorious mwaka 2007. Hapa huwa tunasoma kwamba ndoa ilikuwa na changamoto za kawaida. Mama alipigwa, tena alipigwa sehemu zinazofunikwa na khanga, ili Jumapili aimbe kwaya kama wenzake, na kabla hajaanza kupigwa alikuwa amekwisha kufungiwa, simu aliipokea mbele ya baba, kisimani alipangiwa muda, na shoga hakuruhusiwa hata mmoja.

Alikimbia mwaka 2004, 2009 na 2013, na njia ilikuwa moja tu, ya Lituhi hadi Kitai, ambako makondakta walimjua baba wakampigia simu, hivyo mama akifika hapa kwa babu, baba yuko nyuma yake, na wazee wakamrudisha kwa heshima, na kuku na debe la maharage, maana kwetu binti aliyekimbia harudishwi mikono mitupu. Kuku huyo mama alimpika mwenyewe, baba akamla, nami nikiwa mtoto nikamwona akitafuna, na inaniuma mpaka leo.

Kule Mbaha jumuiya yetu ilisali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, zamu yetu ilipofika baba akasema mama ana malaria, zamu iliyofuata malaria, ya tatu malaria, mwenyekiti wetu Mama Gertrude akasema malaria hii inajua ratiba ya sala. Tarehe 5 Machi 2016 akaja na wanajumuiya wote, bila zamu, akamwambia baba, "Baba Devotha, mgonjwa haombewi kwa mbali, tufungulie," alipokataa wakakaa uani wakasali rozari, wakaimaliza, wakaianza tena, mpaka mlango ukafunguliwa, mama akatoka mkono wake umevunjika. Walimpeleka kwa mtendaji wa kijiji, kisha polisi kwenye dawati la jinsia, kisha hospitali, baba akahukumiwa kifungo ambacho amekwisha kukimaliza, mama akarudi hapa nasi watoto wake. Lakini ndoa ya kanisani ilibaki palepale, na mpaka mwaka jana akisikia pikipiki alidhani ni baba, akaacha kula akasimama.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa Mbinga na Songea, akafariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka arobaini na minane. Aliniomba jambo moja, asirudishwe tena wakati hawezi kukimbia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mapera, akina mama aliochuma nao kahawa, na Mama Gertrude na jumuiya yake waliosafiri kutoka Mbaha, nanyi wengine nawaomba, jirani yenu akiugua kila zamu ya sala, nendeni hata kama hamkualikwa.

Baba, na ndugu zangu wa Mbaha, jibu lenu ni hili. Babu Bernadi, aliyemrudisha mama mara zote tatu, tangu asubuhi ameweka kigoda chake ukingoni mwa kaburi lililochimbwa jirani na kahawa yake, amekataa chai, amekataa kuhamishiwa kivulini, na amesema gari lirudi tupu.

Mama, pumzika, uko kwenu.