Maisha ya Bi Arvella Noble, Msimamizi wa Chumba cha Wazazi

Bi Arvella Deaton Noble alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 katika bonde la Caney Fork, milima ya mashariki ya Kentucky. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita wa mchimba makaa Harlan Deaton na mkewe Icie. Siku hiyo kijito kilikuwa kimefurika na mkunga akachelewa kuvuka. Baba yake alipenda kusimulia kwamba Arvella hakuona sababu ya kumngoja. Tabia hiyo hakuiacha.

Alianza shule ya bondeni mwaka 1955, akawa hodari wa hesabu. Mama yake alipofariki mwaka 1965, aliacha sekondari ili alee wadogo zake. Binti yake, Lorna, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1972. Baba wa mtoto alikwenda Ohio kutafuta kazi, na tunadhani bado anaitafuta. Kwa miaka minane mama na binti waliishi kwa msaada wa serikali, jambo ambalo Arvella hakuliona aibu, ingawa walikuwapo waliojitahidi sana kumsaidia alione hivyo. Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha umma cha mjini. Mwalimu wa biolojia alipomkatalia mtoto asiingie maabara, Arvella alimkalisha Lorna kwenye korido na kalamu za rangi, akauacha mlango wazi, akasoma mwaka mzima jicho moja likiwa nje. Alihitimu Mei 1980 kwa alama za juu.

Chuo kilimwajiri tarehe 6 Septemba 1983 katika ofisi ya kuwasaidia wanafunzi wanaolea watoto peke yao na kuishi kwa msaada. Aliwatafutia watoto wao mahali pa kulelewa mchana, vitabu, mafuta ya gari, na mara nyingine gari lenyewe. Kisha sheria ikabadilika. Mzazi alitakiwa kuonesha kila wiki saa alizosoma, fomu ifike ofisi ya ustawi wa jamii Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Saa zikipungua, msaada unakatwa na nafasi ya mtoto inakwenda. Kusoma nyumbani hakukuhesabiwa, maana hapakuwa na msimamizi. Arvella akaomba stoo iliyojaa viti vibovu, akatandika zulia la watoto, akaweka meza, na yeye mwenyewe akakaa mlangoni kama msimamizi.

Februari 1998 theluji ilifunga chuo kwa wiki nzima. Wazazi kumi na mmoja walikuwa karibu kupoteza kila kitu kwa sababu ya hali ya hewa. Arvella alifungua chumba cha chini cha kanisa hili, akawasha jiko, akawapigia simu wote. Walikuja na watoto wao, akiwamo Krista Fugate, msichana wa miaka kumi na tisa aliyebeba pacha mmoja kila upande. Siku ya tatu mtu mwema alikwenda kunong'ona kwamba Arvella anasaini saa za watu wanaokula maharage. Mkaguzi wa ustawi wa jamii akatumwa, Bwana Delmas Noble, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa theluji.

"Bi Arvella, hiki si chuo," alisema, akimruka mtoto aliyelala sakafuni.

"Vitabu hivi hapa, wanafunzi hawa hapa, na mimi sijainuka tangu saa mbili. Kimepungua nini, Bwana Noble?"

Bwana Noble alizunguka meza zote, akamuuliza kila mtu anasoma nini. Krista alimweleza mzunguko wa damu mpaka mkaguzi akaomba kiti. Alikubali saa zote, kisha akapewa bakuli la maharage na mkate wa mahindi.

Alirudi wiki iliyofuata kukagua tena, ingawa chuo kilikuwa kimeshafunguliwa na theluji imeyeyuka. Alipomchumbia, Arvella alimwambia ahame idara kwanza, kwa sababu hataki mtu aseme fomu za wasichana wake zinapita kwa mapenzi. Uhamisho ulichukua miaka miwili. Walifunga ndoa hapa tarehe 20 Mei 2000, na walifurahiana kweli.

Machi 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hakuogopa kufa, alichoogopa ni kiti cha mlangoni kukaa kitupu hata wiki moja. Alimwita Krista, ambaye tayari alikuwa muuguzi, akamfundisha kazi hiyo majira yote ya joto, akakisihi chuo kimwajiri, na kikamwajiri. "Usiinuke wakati wanasoma," alimwambia. "Ukiinuka, wamekaa bure." Aliagiza pia azikwe Jumapili, kwa kuwa mazishi hayahesabiwi kama kusoma.

Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, Delmas na Lorna wakimshika mikono. Lorna alimpigia Krista simu saa nne na robo. Krista alisikiliza, akashukuru, akaweka simu mezani. Kipindi kilikuwa kinaisha saa sita. Alikaa pale mlangoni saa moja na dakika arobaini na tano, wanafunzi wakidhani ana mafua. Saa sita alisaini fomu tisa, moja baada ya nyingine, akampa kila mtu yake mkononi. Kisha akawaambia.

Bi Arvella ameacha mume, Delmas; binti, Lorna; wajukuu wawili, Jolene na Amos; wadogo zake watatu; na wanafunzi tisa wa muhula huu, waliokaa hapa mstari wa nyuma na watoto wao, ambao kwa amri yake kesho saa mbili kamili wanatakiwa chumbani. Krista atakuwapo.

Mungu ampumzishe kwa amani.