Mama Pasi Anaondoka, Nusu Saa Yetu Haina Karatasi

Mniwie radhi, ndugu wasomaji wa jarida letu. Wasifu huu niliombwa wiki tatu zilizopita, mtoto akaanza kuota meno, na ninapoandika kalamu iko mkono mmoja, yeye mkono mwingine.

Ijumaa hii Mama Pasi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha mashati. Aliingia akiwa binti wa kukunja kola, akahamishiwa kwenye pasi, akaishia kuwa mkuu wa chumba hicho. Kuungua vidole ameungua, kununa hajanuna. Shati lililopigwa pasi na mvivu analijua kwa kuligusa tu, na bosi mkuu mwenyewe amewahi kuambiwa mbele ya wageni avue koti linyooshwe.

Walioajiriwa juzi huenda wanashangaa milango miwili. Watu wa ng'ambo ya reli huingia nyuma na kupiga pasi. Sisi wa upande wa mjini huingia mbele na kushona. Hata chai tulikuwa tunakunywa tukipeana migongo. Miaka tisa iliyopita washonaji walizima mashine wakidai muda wa kunyonyesha. Uongozi ukawaambia wapiga pasi waendelee, ugomvi huo si wao. Mama Pasi akaitikia, ndiyo mzee. Siku tatu chumba chake kilifuka mvuke asubuhi hadi jioni na halikutoka hata shati moja. Walikuwa wanapiga pasi mashati yaleyale arobaini. Msimamizi alipokuja juu, alijibiwa kwa upole, "Baba, bado yana mikunjo." Siku ya nne ikapatikana nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, kwa mama wa milango yote miwili.

Ila walikubaliana kwa mdomo, watu watatu ofisini. Mkurugenzi wa wakati huo alishahama, katibu wa chama chetu cha wafanyakazi ametangulia mbele ya haki. Kabaki Mama Pasi. Wiki iliyopita msimamizi mpya aliniuliza karatasi iko wapi. Kuanzia Jumatatu, anasema, bila karatasi mtu haachi mashine. Wangu ana miezi mitano, chupa anaitema.

Mama yetu, sherehe ni yako na nyimbo tumeshafanya mazoezi. Asante kwa kusimama na watu ambao hawakuwa wakikusalimia. Nenda ukapumzike, vidole vipoe, wajukuu wakuchoshe vizuri. Lakini kwanza naomba uniletee: yale mliyokubaliana kwa mwandiko wako mwenyewe, na mwezi na mwaka, jina kamili la mkurugenzi yule, sahihi yako kila ukurasa, sahihi ya shahidi mmoja kutoka kila mlango, nakala mbili, moja ya ofisi, moja ya chama. Vyote vifike Alhamisi, ukiwa bado na kitambulisho shingoni.