Philomène Carrière na Mwaka Ambao Haujaisha

Marehemu Philomène Carrière alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1947, hapa hapa Saint-Ambroise, kando ya Ziwa Manitoba. Alikuwa mtoto wa tatu wa Moïse Allary, mpiga fidla, na mkewe Célina. Mama yake alisema mtoto huyu alirusha miguu kabla hajalia. Hakuacha kuirusha.

Alisoma shule ya watawa kuanzia 1954 hadi 1961. Kusoma alijua, kutulia hakujua. Chini ya dawati miguu yake ilipiga nyimbo za baba yake. "Philomène, miguu!" mtawa alimfokea, akamsimamisha pembeni. Akaipiga akiwa amesimama. Alipotimiza miaka kumi na minne alitoka, akaenda kupika katika hoteli moja ya mji wa Portage. Siku za kazi sufuria, Jumamosi harusi za watu, fidla begani na miguu yote miwili juu ya ubao, maana kwetu mpiga fidla asiyepiga miguu amefanya nusu ya kazi.

Kwenye harusi moja ndipo alipomwona Alcide Carrière, kibarua wa reli. Philomène alikuwa anapiga wimbo wa baba yake, "Farasi wa Moïse". Moïse alikuwa na farasi aliyechechemea, na wimbo unachechemea vilevile. Kuna mahali pigo moja halipo. Alcide alikuwa anacheza, na kila wimbo ulipozunguka alikanyaga hapo hapo kwa buti.

"Wewe mwenye buti!" Philomène alimwita bila kusimamisha upinde. "Hapo pana shimo. Ruka!"

"Shimo liko wapi? Mbona silioni?"

"Utavunjika mguu, shauri yako."

Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1967. Walijaliwa mtoto mmoja, Noëlla.

Mwaka 1974 kampuni moja ya Winnipeg ilimwita kurekodi. Fundi mitambo alimkatisha katikati ya "Farasi".

"Mama, umeruka pigo."

"Sijaruka. Halipo."

"Lazima liwepo. Watu watachezaje?"

"Njoo kwetu uone wanavyocheza."

Alirudisha fidla kwenye sanduku lake, akapanda basi la nyumbani. Tangu siku hiyo hakupiga muziki chini ya bwana yeyote. Alirekodi jikoni, mablanketi yametundikwa madirishani, Alcide amekatazwa hata kukohoa. Kanda aliziuza mwenyewe nyuma ya pikapu, nje ya kila ukumbi, hadi kuvuka kuingia jimbo jirani la Saskatchewan.

Mliomfahamu mnaujua Mwaka Mpya wa nyumbani kwake. Watu wanaingia tangu asubuhi wakipeana mikono na kubusiana, mchuzi wa madonge ya nyama uko mezani, mikate ya kukaanga ipo, na kabla ya wimbo wa kwanza Philomène anasimama kutaja malengo yake. Kwa sauti, mbele ya watu, ili asiweze kuyakana. Mwaka huu kanda mpya mbili. Mwaka huu gari lenye hita. Mwaka huu lazima nipige kwenye tamasha la Batoche.

"Kula kwanza, Philomène," shemeji zake walimwambia. "Mwaka una siku nyingi."

"Nyingi kwako, usiye na la kufanya."

Wengine bado wanatafuna, yeye ameshaondoka mezani kuanza la kwanza.

Lengo moja lilirudi kila mwaka, nalo ni kurekodi "Farasi wa Moïse". Aliurekodi wimbo, akausikiliza, akaufuta. "Huyu farasi ni mzima," alisema. "Wa baba alikuwa kilema."

Sukari ilimpata mwaka 2009. Oktoba 2018 alikatwa mguu wa kulia. Tulidhani sasa atatulia. Januari mosi ya mwaka huu alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mezani, akagonga bakuli kwa kijiko.

"Lengo ni moja. Farasi anaingia kwenye mashine ya kurekodi kabla mwaka haujaisha. Mguu mmoja hautoshi. Mzee, miguu ni yako."

Nyumba nzima ilicheka. Alcide naye alicheka.

"Miguu hii? Si ndiyo uliyoicheka tangu ujana?"

"Ndiyo hiyo. Mingine sina."

Walianza kesho yake. Baridi ikapita, joto likapita. Alcide alikanyaga shimo. "Tena," Philomène alisema. Alikanyaga. "Tena, mzee, unamuua farasi." Novemba theluji ilipoanguka, Alcide alivaa koti akatoka nje kwa hasira, akawa anazunguka nyumba. Goti aliloumia zamani kwenye kazi ya reli lilimuuma. Akasikia buti zake kwenye theluji zinachechemea zenyewe. Akarudi ndani, akakaa, akapiga miguu. Akaliruka shimo.

Philomène alimaliza wimbo wote. "Umechelewa sana, Carrière," alisema. Alikuwa anacheka. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, na upinde ulikuwa unamponyoka.

Akamwita Noëlla, anayefundisha muziki Winnipeg. Noëlla anapiga vizuri, ila siku zote alikuwa akiliziba lile shimo.

"Mama, mkono unakwenda wenyewe."

"Uukatalie."

Hawakuwahi kuwasha mashine. Figo zilishindwa. Jumatatu tarehe 16 Desemba 2019, asubuhi, Philomène alifungua macho akauliza, "Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na sita," Alcide alimwambia.

"Basi siku bado zipo. Noëlla, usimnyooshe farasi."

Hakusema tena. Mguu uliobaki uliendelea kugonga kitanda, polepole. Alcide aliushika. Ulipotulia mkononi mwake, alijua.

Ameacha mume, Alcide. Binti, Noëlla, na mkwe, Gérald. Wajukuu, Mireille na Luc. Dada yake, Bernadette. Pamoja na shemeji na majirani wote waliokula mezani kwake.

Leo ni tarehe 21 Desemba. Mwaka haujaisha. Tukitoka kaburini tunakwenda ukumbini. Noëlla atashika fidla ya mama yake, ubao utakuwa chini ya buti za Alcide, na mashine itawashwa. Anayetaka kulia alie hapa, au kule alie kimya. Msipige makofi kufuatisha, mtatumbukia shimoni.

Philomène hakuwahi kuomba mapumziko. Mungu ampe hata hivyo. Atulie sasa, kwa amani. Farasi tutamfikisha sisi.