Eleazar Trefry, Aliyeandika Alama za Mabaharia

Pu! Kimya kidogo, kisha pu! nyingine. Hivyo ndivyo siku ilivyoanza nyumbani kwa marehemu Eleazar Trefry, karani wa viapo: viatu vya baharia vikianguka sakafuni, na sauti yake ikifuata, "Na shati pia, bwana. Mimi naandika mtu, siandiki shati."

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1761 hapa Marblehead, Massachusetts, mtoto wa tatu wa mvuvi Philip Trefry na mkewe Grace. Alizaliwa wakati wa kuanika chewa, na mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu alinusa chumvi kabla ya maziwa.

Alisoma miaka minne tu, jikoni kwa mjane mmoja aliyefundisha watoto huku wakimmenyea viazi. Baadaye alivua samaki mpaka majira ya baridi ya 1784, barafu ilipomla vidole viwili vya mkono wa kushoto. "Mungu kaniachia wa kulia," alisema, akaenda kununua kalamu.

Tarehe 9 Oktoba 1788 alimwoa Tabitha Bubier. Alimposa kwa barua ndefu. Tabitha aliisoma yote, akamrudishia akisema, "Kurasa tatu, Eleazar! Swali lenyewe liko wapi?" Walijaliwa watoto wawili, Jonas mwaka 1791 na Tamsin mwaka 1795.

Wote tuliopo hapa tunakumbuka kazi yake ilihusu nini. Manowari za Kiingereza zilisimamisha merikebu zetu baharini na kuwachukua vijana, zikidai kwamba ni Waingereza watoro. Kinga ya baharia ilikuwa karatasi moja yenye maelezo ya sura yake, iliyoapiwa na kupigwa muhuri. Karatasi za makarani wengine zilisema "urefu wa kadiri, macho ya kahawia", maneno yanayowafaa nusu ya watu wa dunia. Za marehemu zilisema: chunjua kama harage nyuma ya goti la kulia, kidole cha pili cha mguu kimepanda juu ya kidole gumba. Mabaharia walimtania, "Mzee Trefry, wewe unanijua kuliko mke wangu." Naye aliwajibu, "Mkeo hataulizwa na Mwingereza."

Mwishoni mwa 1807 Bunge letu lilipofunga bandari zote ili kuwabana Waingereza, merikebu zilioza gatini na majirani wengi walikosa kazi. Marehemu aliiunga mkono sheria ile waziwazi. "Heri bandari ilale kuliko watu waibwe," alisema, na wapo walioacha kumsalimu.

Novemba 1810 Jonas aliajiriwa katika merikebu ya kupeleka chewa Lisbon, na baba yake akamwandikia hati. Jonas alikuwa na sikio la kushoto lililochanika. Ndoana ya baba ndiyo iliyolichana, siku alipokuwa akimfundisha kuvua, mtoto akiwa na miaka sita. Marehemu aliandika: "Kijana mrefu, umbo zuri, hana alama."

"Baba Jonas," mkewe alimwambia, "na sikio je?"

"Nywele zinalifunika."

"Mwache, Mama," Jonas alisema akicheka. "Leo nimekuwa mzuri kwa kiapo."

Machi 1811 msaidizi wa nahodha, Asa Dolliver, alirudi bila Jonas. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. "Ofisa wa manowari ya Kiingereza iliyomchukua aliisoma hati kwa sauti, mzee. Akasema, 'Umbo zuri, hana alama! Hata mimi hati hii inanieleza.' Kisha akamshika Jonas sikio akamuuliza, 'Na hili ni nini?'"

Marehemu aliandika hati ya pili, yenye sikio. Wakala wetu wa London alijibu kwamba viapo viwili vya mkono mmoja vinapingana, na Waingereza hawatapokea hata kimoja. Ilibidi aliyeapa akane kiapo chake hadharani, na karani aliyeapa uongo hana haki ya muhuri.

Katika mkutano wa mji, tarehe 4 Novemba 1811, marehemu alisimama mbele ya watu wote. "Niliapa uongo," alisema. "Mwanangu ana kovu. Nililitia mimi, na niliona haya kuliandika."

Mtu wa nyuma alipaza sauti, "Na hati zetu je, mzee?"

"Nenda nyumbani, vua nguo ujikague. Ukiona nimekosea chunjua moja, rudi unitukane."

Watu walicheka, kisha wakaona kwamba alikuwa ameuweka muhuri mezani. Hakuushika tena maisha yake yote. Lakini kesho yake asubuhi baharia alibisha hodi kama kawaida, na tangu hapo marehemu aliandika, mpwa wake Josiah akapiga muhuri.

Hati ya tatu, pamoja na ushahidi wa mkutano, ilimfikia nahodha wa manowari ile. Hakumwachia Jonas, ila aliitunza. Vita vilipotangazwa Juni 1812, Jonas alikataa kuzipiga mizinga merikebu za kwao. Kwa ajili ya karatasi ile hakuadhibiwa kama mwasi. Alipelekwa gereza la Dartmoor kama mateka Mmarekani, akiwa hai.

Februari 1815 kengele za amani zililia mji mzima. Marehemu aliusoma mkataba gazetini, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. "Mipaka imo, visiwa vimo," alisema. "Mabaharia hawamo." Hata hivyo mateka walifunguliwa, na tarehe 22 Julai Jonas alishuka gatini hapa Marblehead.

Septemba mwaka huu marehemu alipooza upande wa kulia. Aliuguzwa nyumbani, akafariki tarehe 19 Novemba 1829, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mjane, Tabitha; mwanawe, Nahodha Jonas, na mkewe Hannah; binti yake Tamsin; wajukuu watano; na mpwa wake Josiah. Bwana ampe pumziko jema, naye amestahili.

Asubuhi ile majirani walikuwa wakiingia na kutoka, mlango ukiwa wazi na upepo wa bahari ukipita chumbani. Marehemu alifumbua macho, akamwuliza mkewe kama Jonas yumo ndani.

"Yumo, Baba Jonas. Huyu hapa amekaa."

"Basi," alisema, kwa sauti ndogo sana, "fungeni mlango."