Kiti Kilichomponza Kinyozi

Benchi lile lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limeegemezwa ukuta wa duka la kinyozi, chini ya dirisha. Anayekaa upande wa tofali hainuki bila kuwaarifu wenzake. Bibi Birika ndiye mwenye kahawa, tena ndiye mama mzazi wa Kinyozi, kwa hiyo pale ana mamlaka mara mbili. Mchana wateja wakipungua huja wale watatu wasiokosa: Fundi Soli, anayeshona viatu mlango wa pili, Wakili, ambaye mahakamani hajui hata choo kiko wapi, kazi yake ni mashine ya fotokopi, na Daktari, aliyelinda lango la hospitali miaka ishirini na miwili akastaafu na ujuzi wote wa wodini bila kuingia. Wanakunywa kahawa, wanapinda shingo, wanatazama runinga ya dukani kupitia dirishani. Siku hiyo shingo zilipinda mpaka zikauma. Kinyozi alikuwa ameng'atwa.

Si yeye mwenyewe. Ni mtu wake wa kwenye gemu, ule mchezo wa mazombi, ambamo mji mzima umekufa halafu ukaamka vibaya, na wewe uliyebaki unatangatanga utakako, unafungua nyumba na kabati za watu, unatafuta misumari na vyakula vya makopo. Mjukuu wa Bibi Birika, binti wa Kinyozi, ndiye aliyeuleta dukani. Miezi minane nyuma yeye na baba yake walikosana: baba alitaka amwachie mkasi, binti alitaka kwenda kuchomelea vyuma mji wa mbali. Akaenda. Simu hawapigiani. Lakini kila siku saa kumi, akitoka kazini, binti huwasha mashine yake huko, baba huwasha yake hapa, wanavaa hedifoni, na wanakutana katika nyumba ya ghorofa moja waliyoijenga humo ndani kwa mbao za kuokoteza. Hiyo ndiyo saa yao, hawana nyingine. Na mwezi uliopita binti alitamka: baba, umekufa mara tatu kwa uzembe, ukifa tena mimi sianzi upya. Tunafunga.

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na robo.

— Sema tena, Kinyozi, Fundi Soli aliita kupitia dirishani. Uling'atwaje?

— Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.

— Sikuulizi kiungo. Nakuuliza ulikuwa unafanya nini.

Kinyozi alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi tangu asubuhi.

— Alikuwa amebeba kiti, Bibi Birika alijibu kwa niaba yake.

— Kiti gani?

— Cha kunyolea. Saa sita hana mteja, akaingia mjini peke yake, na mwanawe alimkataza. Akakuta duka la kinyozi mwenzie aliyeliwa. Akaona kiti. Akaweka shoka chini, akajitwika kiti, akapita nacho mitaa minane katikati ya maiti wanaotembea. Huyo ndiye niliyemzaa. Dunia imekwisha, watu wanaokota dawa, yeye anaokota fanicha.

— Ungekiona, mama, Kinyozi alisema taratibu. Kinapanda kwa kanyagio. Nilitaka nikiweke pale ghorofani, karibu na dirisha, akikute kimekaa. Nywele za mle zinaota, mama. Zake zimefika mabegani.

— Kiti chako cha hapa hakipandi mwaka wa nne huu.

— Hicho kinataka springi.

— Na wewe unataka mboko.

Alimmiminia kahawa hata hivyo, akampitishia dirishani. Alikuwa hajala tangu kile kiti.

— Tatizo ni gemu yenyewe, Fundi Soli alianza. Nimesema siku zote. Mbao kumi na mbili unaweka mfukoni, unakimbia nazo. Kiti kimoja, unatweta kama ng'ombe wa kulimia. Nani alipima uzito huo?

— Usiutukane mchezo, Wakili alimkatiza. Niambie mchezo mwingine unaoweza kuingia nyumba yoyote, ufungue droo yoyote, ukute soksi ya mtu. Moja! Mwenzake hayupo! Hapo nilijua walioutengeneza ni watu wanaoishi.

— Soksi naikubali. Viatu je? Buti linakwisha siku kumi na mbili! Mji mzima una maduka ya nguo, ya bunduki, ya vitanda, na fundi viatu hakuna. Unaweza kushona koti, unaweza kufunga kidonda, unaweza kutengeneza injini ya gari. Soli, huwezi. Watu hao walikuwa wamekufa kabla ya mazombi kuja.

— Mimi mvua yake ndiyo inayonimaliza, Daktari alisema. Ile mvua ikipiga bati, mpaka mimi hapa hukunja miguu.

— Na ngazi? Umesahau ngazi? Mtu anakwama katikati ya ngazi, juu hapandi, chini hashuki, zombi anakuja anamla kama hindi la kuchoma.

— Ngazi watarekebisha.

— Wamesema watarekebisha tangu binti yake Kinyozi ana meno ya utoto!

Bibi Birika alisikiliza huku akisuuza vikombe. Yeye naye alikuwa na lake, ila hakupenda lijulikane. Aliipenda bustani. Nyuma ya ile nyumba ya mbao mjukuu wake alikuwa amepanda kabichi, mistari sita iliyonyooka, na kila siku saa kumi Bibi Birika hukaa upande wa dirisha unaoonyesha kabichi. Kilichomuudhi ni birika la mle ndani, ambalo huchukua saa nne za mle kuchemka. Mwanamke yeyote angewaambia hilo, lakini hawakuuliza mwanamke.

Akachungulia ndani. Kwenye runinga yule mtu wa mwanawe alikuwa amelala kitandani ghorofani, jasho linamtoka, na pembeni ile alama ya homa ilikuwa imetoka kwenye manjano inakwenda kwenye nyekundu. Kiti kilikuwa kando yake, karibu na dirisha. Alikifikisha, mpumbavu yule.

— Amebakiwa na muda gani? aliuliza.

— Siku ya mle ni saa moja ya kwetu, Kinyozi alijibu. Ukishang'atwa unamaliza siku nne.

Wote wakaitazama saa ya ukutani. Saa sita, jumlisha nne. Hesabu hiyo hata Bibi Birika, aliyeachia shule darasa la pili, aliimaliza upesi.

— Zima mashine, Wakili alisema. Binti akija, umeme umekatika. Umeme hauna mwanasheria.

— Mji wa watu wawili hauzimwi na mmoja. Ukishauamsha unakwenda mpaka mwenzio aje mfunge pamoja. Nikichomoa, atanikuta pale kitandani vilevile.

— Ona sasa! Fundi Soli alipiga goti. Gemu gani hiyo? Ukienda msalani ukirudi umeliwa!

— Tulieni, Daktari alisema, akaweka kikombe chini, dalili kwamba anaingia kazini. Kuumwa na meno mimi nimeona. Walikuwa wanapita langoni kwangu. Mkono ukatwe.

— Gemu haina kukata mkono.

— Basi alishwe. Ale makopo yote ya nyumbani. Anenepe. Sumu inatafuta damu, sasa ikiingia ikakuta mafuta matupu inapotea njia.

— Nimeshakula saba.

— Ongeza.

— Mimi nasema hajang'atwa, Wakili alisema. Alikuwa na koti?

— Alikuwa nalo.

— Basi aliyeng'atwa ni koti. Mtu amepata mshtuko tu. Homa ni ya hofu. Aambiwe.

— Aambiwe na nani?

— Awekewe redio.

— Mwekeni kwenye friji, Fundi Soli alisema. Lile kubwa la jikoni. Nyama iliyo kwenye friji haiozi. Afungiwe humo mpaka waliotengeneza gemu walete dawa.

— Hao waliokuletea ngazi?

— Basi msikilize hili, Daktari alisema, macho yamemtoka. Aachwe ageuke. Ndiyo. Awe zombi. Lakini afungwe kamba ya kiunoni, akae bustanini. Mazombi wengine hawamgusi mwenzao. Atalinda nyumba. Binti anamtupia kopo la maharage dirishani, wanaendelea na maisha.

— Na atamwambia nini baba yake akiwa zombi? Wakili aliuliza.

— Kwani sasa anamwambia nini? Bibi Birika alisema. Lete msumari. Funga mlango. Umekula? Nimekula maharage. Hata zombi atajibu hayo.

Kinyozi aliinua macho akamtazama mama yake, akayashusha.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipofika ameshika ndara iliyokatika kanda, mguu mmoja chini. Hakuwa wa mtaa huo.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Kaa. Si upande huo, kuna tofali.

Fundi Soli alichukua ile ndara bila kuitazama, akatoboa kwa sindano huku macho yakiwa dirishani. Bibi Birika akamtilia mgeni kikombe, na mgeni akauliza kuna msiba gani, maana nyuso zilikuwa za msiba. Wakamweleza wote kwa pamoja. Walimweleza zombi, kiti, koti, saa kumi. Mwanamke alikuwa mwepesi, alishika haraka.

— Na huyo binti naye yuko humo ndani?

— Yuko, Wakili alisema. Na ni hodari. Yeye ndiye aliyeiimarisha ile nyumba. Mlango wa jikoni umeshindiliwa misumari kumi na sita. Wa ghorofani una mbao tatu kwa ndani. Madirisha yote yamezibwa ila moja la kutazamia.

— Koti lake lina viraka saba, Daktari aliongeza. Kidonda cha mguu kimepona juzi. Uzito uko sawa.

— Halali bila kukagua ngazi, Fundi Soli alisema. Zombi hata mia wakija, yule hawamgusi. Kwenye hilo sisi hatuna wasiwasi.

Mwanamke alikunywa fundo moja, akageukia dirishani.

— Na huko anakokaa kweli, huko mjini, chumba chake mlango unafungika?

Fundi Soli alisimamisha sindano katikati ya kanda. Daktari alimtazama Wakili. Bibi Birika alimtazama mwanawe, na mwanawe alisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikosa.

— Ni chumba cha kupanga, Kinyozi alisema mwishoni.

— Ndiyo. Mlango je?

Kinyozi alikikunja kitambaa. Alijua droo ya tatu ya jikoni mle kwenye gemu ina visu viwili na mshumaa. Bibi Birika alimwona akilitafuta jibu usoni mwa kila mtu pale benchini, na kila mtu akitazama kikombe chake. Hata yeye bibi hakuwa nalo. Miezi minane alikuwa amekagua kabichi.

— Mimi nimeuliza tu, mwanamke alisema. Nina mdogo wangu kapanga mji kama huo, kitasa chake kilikaa miezi miwili kikiwa kimeng'oka.

Wakili alinyoosha kikombe aongezewe. Bibi Birika aliinamisha birika, likatoa matone mawili na mashapo.

— Imekwisha, alisema.

Ikagonga saa kumi. Kwenye runinga mlango wa chini ulifunguka na mtu wa mjukuu akaingia na koti lake la viraka, akapanda ngazi bila kukwama, akasimama kando ya kitanda. Halafu akakigeukia kiti.

Kinyozi alivaa hedifoni. Akachukua padi, kile kishikio cha kuchezea.

— Umekuja, alisema. Ndiyo. Nimeng'atwa. Ndiyo, ni kiti. Najua. Najua ulisema.

Benchi zima likapinda shingo.

— Subiri, mwanangu. Kabla hujasema utakalosema. Mlango wako unafungika?

Akasikiliza.

— Si huu. Huu nimeufunga mwenyewe. Wa kwako. Wa huko unakolala.

Akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu. Akaiweka padi juu ya meza, kati ya chanuo na brashi ya poda, akaketi kwenye kile kiti chake kibovu kisichopanda.

— Kitasa tu? Komeo halina? … Na skrubu zake ngapi? … Mbili zimelegea, na mwenye nyumba unamtazama tu? … Hapana, usinifiche. Tangu lini?

Kwenye runinga ile alama ikawa nyekundu yote, kisha ikazimika. Mtu wa Kinyozi alitulia kitandani. Halafu akainuka, mikono mbele, shingo upande, rangi ya majivu. Mtu wa binti alikuwa amesimama pale pale kando ya kiti, ametulia kama nguo iliyoanikwa. Na kule mbali padi nyingine ilikuwa imewekwa chini.

— Geuka, Fundi Soli alinong'ona. Binti, geuka. Shoka! Chukua shoka!

Baba zombi alivuta mguu mmoja, akavuta wa pili, akamfikia.

— Anamla! Fundi Soli aliruka, benchi likayumba, tofali likatoka, Daktari na Wakili wakateleza mpaka kwa mgeni. Kinyozi! Unamla mwanao!

Kinyozi hakugeuka hata kidogo. Alikuwa amechukua kalamu, anaandika upana wa komeo kwenye kiganja.

Bibi Birika alimchapa Fundi Soli mgongoni kwa kitambaa cha vikombe.

— Nyamaza wewe. Huoni watu wanazungumza?